Mashine Iliyotulia Kupita Kiasi

SURA YA SABA

Barua ya kumfukuza kazi Mwanaasha ilikuwa imeshachapwa na kukunjwa, imelala juu ya meza ya Mhandisi Sixbert chini ya jiwe dogo, ili feni isiipeleke Zanzibar. Ilikosa kitu kimoja tu, sahihi ya mwenyekiti wa bodi, na mwenyekiti angefika saa kumi alasiri. Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na dakika tano asubuhi. Inspekta Martina Nandonde wa upelelezi ndiyo kwanza alikuwa anaingia, vumbi la Mtanda likiwa bado kwenye viatu vyake, na nyuma yake Koplo Yassini akiwa ameshika kofia mkononi kama mtu aliyeingia msibani.

"Karibu kiti, Inspekta," alisema Sixbert. "Ingawa sidhani kama kuna cha kupeleleza. Tumebakiza kusaini."

"Basi nitapeleleza taratibu," alisema Martina, akakaa.

Habari yenyewe, kwa aliyechelewa kuifahamu, ni hii. Huko milimani nyuma ya Mingoyo, mradi wa mifupa ya kale ulikuwa unafukua mijusi waliokufa zamani kabla hata hapajapatikana mtu wa kuwazika. Tunawaita mijusi kwa heshima tu. Mmoja wao, goti lake peke yake lilibebwa na wanaume wanne wenye nguvu na wa tano wa kutukana. Wezi wa mifupa wanavipenda vitu hivyo kuliko dhahabu, na walikuwa wanasikiliza simu za mradi. Ndipo ikafungwa mashine mpya. Timu ikipata mahali penye mfupa, inashuka hadi ofisi ndogo ya Mingoyo, na kutoka pale vipimo vya mahali hapo vinatumwa ofisi hii ya Mtanda, Lindi mjini, kwa kebo ya mkongo, vikiwa vimefungwa kwa ufunguo uliotengenezwa kwa mwanga. Asijue mtu mwingine. Lakini mara tatu ndani ya wiki tano vipimo vilitumwa mchana, na kesho yake timu ikakuta shimo limeshachimbwa, nadhifu, mfupa hakuna. Kwenye shimo la tatu mwizi alikuwa ameacha na maganda ya ndizi.

"Mashine haiwezi kusikilizwa," alisema Sixbert. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na tano, kaja kutoka Dar es Salaam, shati limepigwa pasi hadi kwenye mifuko. "Mingoyo wanatuma punje za mwanga, moja moja. Fotoni. Punje ikiguswa njiani inaharibika, na sisi huku tunaona makosa kwenye skrini. Hiyo ni sheria ya maumbile, Inspekta, si sheria ya Bunge. Haina rufaa."

"Na siku hizo tatu makosa yalikuwa mangapi?"

"Ndiyo nakwambia. Siku hizo tatu ndizo safi kuliko zote. Kama nyaya hazikuguswa, siri imetoka mdomoni. Na aliyekuwa zamu siku zote tatu ni Mwanaasha."

"Na wewe?"

"Na mimi. Lakini mimi ndiye niliyetoa taarifa."

"Mwizi wangu wa mwisho wa pikipiki naye ndiye aliyetoa taarifa," alisema Martina. "Endelea. Una kingine?"

Sixbert akamsogezea picha iliyochapwa kwenye karatasi. Lori la bluu, limeegeshwa kando ya mikorosho, hatua chache kutoka lilipo shimo la pili.

"Lori la Nurdin. Mchumba wa Mwanaasha. Limepigwa picha na mlinzi wetu wiki ile ile ya wizi."

Martina aliitazama picha, akampa Yassini. Yassini aliitazama, akacheka kwa pua.

"Unaona nini, Koplo?"

"Naona maua, Afande. Mikorosho yote ina maua, hakuna bibo hata moja. Shimo la pili limechimbwa wiki mbili zilizopita, na sasa hivi pale mabibo yanaanguka mpaka nguruwe wanayasusa."

"Kwa hiyo?"

"Picha hii ni ya mwezi wa saba. Mashine yenyewe ilikuwa haijafunguliwa."

Sixbert alinyoosha mkono kuichukua picha yake. Martina aliikunja picha ile akaichomeka chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza.

"Niitie huyo binti."

* * *

Mwanaasha alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki barazani tangu saa kumi na mbili, mtandio umefungwa vizuri, macho makavu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekunywa chai?"

"Haipiti, mama."

"Umetoa siri?"

"Sijatoa."

"Wote husema hivyo."

"Basi na mimi nimo katika wote." Alikaza fundo la mtandio. "Mama, kazi nikiikosa nitalia nimalize. Lakini juzi Mhandisi alikuja hadi nyumbani. Akasema pale mlangoni, mama yangu anapepeta mchele, kwamba mwanao ni mwizi wa siri. Mtaa mzima umesikia. Tangu siku hiyo mama yangu hajatoka hata kuchota maji. Anachotewa na jirani, kama mgonjwa."

Martina aliandika sentensi moja kwenye kijitabu chake, akaipigia mstari.

"Kazi yako pale ni nini hasa?"

"Kuisikiliza."

"Mashine?"

"Ndiyo. Skrini inaniumiza macho, kwa hiyo nimeiwekea spika ndogo. Ile sehemu inayopokea mwanga, kila inapopata punje inalia, ta. Lakini hata Mingoyo wasipotuma kitu inalia yenyewe, ta, ta-ta, kama bisi kwenye sufuria. Fundi aliyeifunga alisema ndivyo ilivyo, haiwezi kukaa kimya. Mimi naandika tu."

"Unaandika wapi?"

Alitoa daftari la kurasa mia lenye picha ya twiga. Mwandiko wa duara, kila siku mstari mmoja. *Bisi kama kawaida. Bisi kama kawaida. Bisi nyingi, joto. Bisi kama kawaida.* Kisha, tarehe kumi na tatu mwezi wa tisa: *Leo hakuna bisi. Imetulia, alhamdulillahi.*

"Hapa palikuwaje?"

Mwanaasha aliona haya kidogo. "Siku ile ya kumi na mbili tulifungua rasmi. Shehe alikuja akasoma dua, na Padre akaja akanyunyiza maji ya baraka, kila mtu na upande wake wa meza. Kesho yake mashine ikawa kimya. Tukasema, basi, dua imepokelewa. Wafagizi wote wakaja kuisikiliza. Hata Mhandisi alicheka, akasema na iendelee hivyo hivyo."

"Ikaendelea?"

"Hapana. Kesho yake bisi zikarudi. Halafu kimya tena mara mbili. Ya pili ilikuwa Padre kapita kutusalimia, tukajua ndiyo hiyo."

Martina alifunua kurasa. Tarehe mbili mwezi wa kumi: *Imetulia, alhamdulillahi.* Tarehe kumi na moja: *Imetulia. Alhamdulillahi rabbil alamin.* Akatoa orodha ya wizi mfukoni, akailaza juu ya daftari. Tarehe za kutumwa vipimo zilikuwa zile zile.

"Ulimwambia mtu kuhusu ukimya huu?"

"Nimwambie nani, mama? Mtu anashtaki neema?"

* * *

"Mhandisi," alisema Martina aliporudi ofisini, "hicho kitambuzi chako kinachopokea mwanga nieleze. Nieleze kama unamweleza mtu aliyeishia darasa la saba, mengine akajisomea mwenyewe."

"Yuko mtu wa hivyo hapa?"

"Koplo Yassini. Na usimdharau, anasoma gazeti mpaka matangazo ya vifo."

Sixbert aliguna. "Ni kama mtego wa panya uliotegwa kwa uzi mwembamba mno. Punje moja ya mwanga inatosha kuufyatua. Ukifyatuka unalia mara moja, kisha unajitega upya."

"Na gizani?"

"Hufyatuka wenyewe mara kwa mara, kwa joto tu. Hizo ni kelele. Kompyuta inazitupa."

"Mwanaasha hazitupi." Martina alimwekea daftari mbele. "Kelele zikikoma kabisa maana yake nini?"

Mhandisi alisoma mistari ile mitatu, halafu akairudia. "Labda... kumekuwa na baridi."

"Lindi, mwezi wa kumi."

Hapo Yassini alikohoa. Alikuwa mzaliwa wa Kiranjeranje, amelelewa katika dungu la kulindia muhogo, na alipokohoa namna ile ilikuwa lazima kumsikiliza, maana asiposikilizwa alikuwa anahadithia hivyo hivyo.

"Afande, mjomba wangu alikuwa na tochi ya betri sita. Akiiwasha, majogoo ya kijiji cha pili yanawika."

"Fupisha, Koplo."

"Nafupisha. Sungura gizani ana jicho kali, ukivuta sigara Somanga yeye anakuona akiwa kwetu. Lakini mjomba akimmulika usoni, basi, anaganda kama anapigwa picha. Unaweza kuwasha sigara kwenye sikio lake, haoni. Ila ukimrushia kijinga cha moto, hicho anakiona, anaruka. Kwa hiyo pale anaruka unapotaka wewe. Mjomba alikuwa anawarusha moja kwa moja hadi ndani ya gunia."

"Umetia chumvi kwenye gunia."

"Kwenye gunia, ndiyo. Kwenye jicho, hapana."

Feni ilizunguka. Sixbert alikuwa ameliachia daftari, na rangi ya uso wake ilikuwa imeshuka hadi kwenye kola.

"Mhandisi," alisema Martina kwa upole, "mtego wako ukimulikwa na mwanga mkali usiokatika, unakuwaje?"

"Hauwezi kujitega tena."

"Unaiona punje moja?"

"Hapana. Unabaki unaona mmweko mkubwa tu."

"Na anayerusha mmweko?"

"Ndiye anayeamua mlio utoke lini." Alisema polepole, kama anayesoma karatasi iliyolowa. "Anakaa katikati. Punje za Mingoyo anazipokea yeye, anazisoma, kisha anatupiga sisi kwa mimweko inayofanana na alichosoma. Sisi tunalia anapotaka. Ufunguo tunao sisi, na yeye anao."

"Na skrini?"

"Skrini inahesabu milio. Haiulizi imetoka wapi. Makosa yatapungua hata, kwa sababu zile kelele za gizani zimekufa. Siku itaonekana safi." Alijifuta paji la uso. "Lakini sheria ya maumbile..."

"Sheria inailinda punje ikiwa njiani. Jicho linaloipokea linalindwa na nani?"

Sixbert alilisogeza jiwe juu ya barua. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeshikilia nguzo ya mwisho ya nyumba. "Hiyo ni dhana, Inspekta. Bodi haiwezi kuahirisha kwa sababu ya sungura. Nionyeshe mtu. Nionyeshe na hiyo tochi."

"Nipe ramani ya kebo. Na Mwanaasha arudi kwenye spika yake, akiwa na simu."

"Yeye ni mtuhumiwa."

"Ndiyo maana nataka nijue alipo."

* * *

Kebo ya mradi ilifuata barabara kutoka Lindi hadi Mingoyo, na ramani ilionyesha mashimo tisa yenye mifuniko ya zege, kila moja mahali ambapo kipande kimeungwa na kipande. Yassini aliendesha, Martina alihesabu. Kwenye kila mfuniko Koplo alishuka, akapiga magoti, akaukagua ukingoni, akarudi akiwa na vumbi zaidi na maoni zaidi. Wa kwanza ulikuwa na magugu. Wa nne ulikuwa na familia ya nge. Wa saba ulikuwa unatumiwa na fundi cherehani kama meza, na ilibidi wasubiri amalize mfuko wa suruali.

Walipofika karibu na njia panda ya Mingoyo, Martina alikuwa ameshahesabu tisa, na mbele yao palikuwa na mfuniko mwingine.

"Kumi," alisema Yassini.

"Ramani inasema tisa."

Saruji ya ukingoni ilikuwa bado nyeupe. Mfuniko ulikuwa mbele ya duka la mabati lenye maandishi ya mkono, MKAA BORA, na magunia mawili yamesimamishwa mlangoni kama walinzi. Martina aliusoma mfuniko, akalisoma duka, halafu akainua macho ubavuni mwa duka, juu. Pale palikuwa na kiyoyozi kipya kinanguruma na kudondosha maji, na chini yake kuku watano wamepanga foleni kunywa.

"Afande," alisema Yassini, "mkaa unaogopa joto?"

"Zunguka nyuma ukaulize majirani. Na umtafute mwenyekiti wa kitongoji, tutahitaji shahidi."

Alirudi baada ya robo saa na mwenyekiti, mzee mfupi aliyekuwa bado anatafuna. Duka lilifunguliwa mwezi wa nane, alisema mwenyekiti. Mwenye duka anaitwa Augustine, mtu wa mbali, mpole. Huko nyuma alikuja na kampuni iliyofukia kebo, akarudi peke yake akasema amependa hewa ya Mingoyo. Wanawake walikuwa wanamnunulia mkaa kwa ajili ya ubaridi wa pale mlangoni, siyo mkaa wenyewe, maana ulikuwa haushiki moto.

"Na kiyoyozi?"

"Alisema ana pumu."

Martina aliutoa mkoba wa polisi begani akampa Yassini. Alikuwa amevaa kitenge tu, mama wa makamo kama mama wengine. Kabla hajavuka barabara alimpigia simu Lightness, mjiolojia aliyeongoza uchimbaji, na alizungumza kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto.

"Lightness, mwanangu? Nimesikia mmepata mkubwa kuliko yote. Basi shukeni na vipimo Mingoyo sasa hivi, mkatume."

Upande wa pili ulishangaa. "Mkubwa? Mkubwa upi, mama? Na simu zetu si..."

"Ndiyo huo huo. Fanyeni haraka."

Alikata. Yassini alikuwa anamtazama.

"Wanasikiliza simu, Afande."

"Natumaini," alisema Martina.

* * *

Augustine alikuwa na shati jeupe. Kucha zake zilikuwa safi kama za bibi harusi, na alipotabasamu ilionekana wazi kwamba hajawahi kugombana na gunia maishani mwake.

"Karibu mama. Kopo au gunia?"

"Kopo tu, nijaribu kwanza. Ni mkaa wa mti gani huu?"

"Wa mti mgumu."

"Mgumu upi? Maana kuna myombo, kuna mtondoro."

"Ndiyo hiyo, yote."

"Maana mimi napenda wa mpapai."

"Huo ndio mwingi hapa," alisema Augustine bila kupepesa. "Mpapai ule mgumu wenyewe."

Martina aliitikia kwa kichwa kwa heshima zote. Mpapai hauna mti wa kuchoma. Ndani yake ni maji na majuto. Akaomba mahali pa kukaa, magoti yanamsumbua, naye Augustine akamsogezea kigoda cha wateja, kitu kikubwa cha mviringo kilichofunikwa kanga. Hakukisogeza kirahisi, alikisukuma kwa mguu na kwa dua. Martina alikaa. Kilikuwa cha baridi, na pembeni mwake, chini ya kanga, vidole vyake vilipapasa matundu madogo madogo kama ya mfupa wa supu, ila supu hiyo ingetosha wilaya.

Alisimulia magoti hayo kwa nusu saa, ndipo kwa mbali gari jeupe la mradi likatokea kwenye kona, limejaa vumbi, bendera ndogo inapepea. Lilipita mbele ya duka kuelekea ofisi ya Mingoyo. Augustine alilifuata kwa macho mpaka lilipopinda.

"Mama, nisamehe kidogo. Kuna simu ndani."

"Nenda tu, baba. Sina haraka."

Aliingia, mlango wa ndani ukajifunga. Martina aliitazama saa yake. Dakika moja, na nyingine. Simu ikatetemeka kwenye mkunjo wa kitenge.

"Mama," alinong'ona Mwanaasha kutoka Mtanda, "bisi zimekatika."

"Lini?"

"Sasa hivi. Saa saba na dakika kumi na mbili. Zilikuwa nyingi tu, halafu kama mtu amefunika sufuria. Na mama, Mingoyo hawajaanza kutuma."

"Taa ya skrini?"

"Kijani. Kijani kama kisamvu."

"Mhandisi yuko wapi?"

"Amekaa sakafuni, karibu na spika."

"Mwache akae." Alisimama, akainua mkono. Yassini alivuka barabara na hati ya upekuzi aliyoitoa kwenye mkoba na kuijaza, mwenyekiti wa kitongoji nyuma yake akijifuta mdomo.

Mlango wa ndani haukuwa na kufuli. Augustine hakutegemea wateja wenye udadisi. Chumba kilikuwa baridi kama ndani ya jokofu la mchuuzi wa samaki. Magunia ya mkaa yalikuwa yamepangwa ukutani kama ukuta wa pili, na nyuma yake, juu ya meza safi, palikuwa na sanduku la chuma linalofanana na lile la mashine ya Mtanda kama pacha, sanduku jingine dogo lenye leza, na waya mwembamba unaoingia sakafuni kuelekea shimo la kumi. Augustine alikuwa amekaa mbele yake, spika za masikioni shingoni.

Hakukimbia. Alijaribu kwanza dharau.

"Nyie hamjui hata mnachokitazama," alisema.

"Ni tochi," alisema Yassini.

"Nini?"

"Tochi, na pembeni yake kijinga cha moto. Mjomba wangu alikuwa nayo. Ila ya kwake haikuwa na feni."

Augustine aliwatazama wote wawili, kisha mwenyekiti wa kitongoji aliyekuwa amesimama chini ya kiyoyozi akiwa amefumba macho kwa raha. Mabega yakamshuka.

"Mlianza kunishuku wapi?"

"Mtanda, kwenye daftari la binti mmoja," alisema Martina. "Lakini wewe mwenyewe umenithibitishia kwa mpapai. Mikono mbele, baba. Na usiizime hiyo taa, nina mkutano saa kumi."

Mfupa wa kwanza ulikuwa kwenye gunia la tatu, umefungwa magazeti. Wa pili ulikuwa chini ya kitanda. Wa tatu Koplo alihangaika kuutafuta kwa nusu saa, Martina akimtazama tu kwa raha, mpaka mama mmoja aliyekuja kununua mkaa akaketi juu yake, kwenye kigoda, kusubiri.

* * *

Mwenyekiti wa bodi alifika saa kumi kasoro dakika tano, mtu mnene mwenye haraka, akaomba kalamu kabla hata ya maji. Martina alimwomba kwanza asikilize kitu. Mwanaasha akaongeza sauti ya spika. Chumba kizima kilijaa bisi, ta, ta-ta, ta, wajumbe wakatazamana. Martina akampigia simu Yassini, aliyebaki Mingoyo na askari wawili wakilinda meza ile.

"Washa."

Bisi zikakatika. Kimya kilikuwa kizito hadi ilisikika baiskeli ikipita barabarani. Kwenye skrini taa ya kijani iliendelea kuwaka, imeridhika kabisa.

"Zima."

Ta. Ta-ta. Ta.

"Tena," alisema mwenyekiti, amesahau kalamu. Walifanya tena, mara sita, na mara ya mwisho mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeshika simu na kumwamuru Koplo, kwa furaha ya mtoto aliyepata swichi. Kisha akamgeukia Sixbert. "Kwa hiyo wiki tano mashine inatwambia salama, na iliyokuwa inasema kweli ni spika ndogo ya kununua dukani?"

"Spika na daftari," alisema Sixbert. Aliichukua barua chini ya jiwe, akaichana vipande vinne, akavitia mfukoni badala ya kapuni, kama mtu anayeona aibu hata mbele ya kapu. "Mwanaasha, nimekosea. Nakuomba radhi. Nitakuandikia barua nyingine, ya kukusafisha, bodi itaisaini leo hii."

Wajumbe waliguna kwa kukubali. Mwenyekiti alishaanza kufungua kalamu.

"Sitaki barua," alisema Mwanaasha.

Wote walimgeukia.

"Barua nitaisoma mimi na nani? Mtaani kwetu hakuna aliyesoma ile ya kwanza. Walisikia." Alimgeukia Sixbert. "Ulikuja mlangoni kwetu kwa miguu yako, kaka. Njoo tena."

Sixbert alimtazama Martina, kana kwamba Inspekta angekuwa na kifungu cha sheria cha kumwokoa. Martina alikuwa anafunga kijitabu chake.

"Si mbali," alisema. "Nitakusindikiza."

Walikwenda kwa miguu, kwa sababu Mwanaasha alikataa gari. Hadi wafike kona ya pili walikuwa watu saba, na kufika duka la mafuta ya taa walikuwa kama ishirini. Bi Zakia, mama yake Mwanaasha, alikuwa amekaa ndani ya kizingiti, ungo magotini, nusu ya uso wake kivulini. Hakusimama.

"Shikamoo mama," alisema Sixbert.

"Marahaba." Neno lenyewe lilitoka kavu.

"Mama, nimekuja..." Akaanza upya. "Juzi nilisema hapa kwamba mwanao ametoa siri. Hakutoa. Kulikuwa na mtu njiani aliyeipofusha mashine yetu kwa mwanga, na mimi niliiamini mashine. Mwanao ndiye aliyeandika dalili, kila siku, nami sikumsoma. Nilikosea, mama. Naomba radhi."

Alisema yote hayo kwa adabu, kwa sauti ya chini, akitazama viatu vyake vilivyochafuka kwa vumbi. Bi Zakia alipepeta mara moja, akaokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa nje. Kisha akaweka ungo chini, akasimama, akatoka hadi juani, mara ya kwanza tangu juzi.

"Nimekusikia, mwanangu, na nimekusamehe," alisema. "Sasa sema tena, na upaze. Mama Cecilia yuko nyuma ya ukuta ule, na sikio lake moja halisikii vizuri."